Kasi Isiyosafiri na Nakala

Mwaka 2015 ulileta Dilolo, mji wetu wa Kongo mpakani na Angola, habari kubwa mbili. Februari, marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau, ng'ambo ya mpaka wetu, kuzindua reli ya Benguela iliyojengwa upya baada ya vita vya Angola. Mwaka huohuo mkoa wetu wa Katanga ukagawanywa, Lualaba ikawa mkoa, na Kolwezi ikawa makao yake makuu. Habari ya tatu ilikuja Julai, na sokoni haikumgusa mtu: toleo la 2.5 la Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, lilitoka likiwa na mpangilio mpya wa hiari wa kuongeza kasi. Hiyo ya tatu ndiyo ninayotaka kuisimulia. Mpangilio ule na wenzake nimekuwa nikiulinda tangu wakati huo, na namna ya kuulinda imebadilika kiasi kwamba wanaoanza kazi leo hawawezi kukisia tulikotoka.

Nilizaliwa Dilolo, nikasoma Lubumbashi, kazi nikaipata Kolwezi kwa wakala wa forodha aliyekuwa na ofisi ya pili palepale nilipozaliwa. Tuliandika na kutunza programu iliyofuatilia karatasi za mizigo: nani anasafirisha nini, kwa gari gani, ushuru gani umelipwa, muhuri gani bado. Kila mzigo ulikuwa na folda yake, na ndani yake mafaili madogo ya maandishi pamoja na picha za karatasi zilizokwisha kupigwa muhuri. Folda zikawa maelfu. Wataalamu watasema Git haikuundwa kutunza picha za mihuri, na ni kweli. Lakini tulihitaji kujua nani alibadilisha nini na lini, na mpakani swali hilo linaweza kumfungia mtu mzigo wake wiki nzima. Hatukuwa na chombo kingine cha kulijibu bila mtandao.

Mtandao ndio uliokuwa shida. Kutoka Kolwezi hadi Dilolo ni zaidi ya kilomita 400, kupitia Mutshatsha na Kasaji, na msimu wa mvua barabara ndiyo inayoamua utafika lini. Intaneti ya Dilolo tuliinunua kwa mega, kwenye simu, nayo ilikuja ikiondoka. Linus Torvalds alipoanza kuandika Git mnamo Aprili 2005, kwa ajili ya watengenezaji wa Linux, alitaka kila nakala ibebe historia yote ndani yake. Miezi michache baadaye alimkabidhi kazi hiyo Junio Hamano, ambaye aliendelea kuisimamia kwa msingi huohuo. Sidhani kama yeyote kati yao aliifikiria Dilolo, lakini uamuzi ule ulitufaa sana. Mtu wa Dilolo aliweza kufanya kazi siku nyingi, akahifadhi mabadiliko yake, akachungulia ya mwaka uliopita, bila kununua hata mega moja. Mtandao ukigoma kabisa, tulifunga historia mpya katika faili moja kwa amri ya git bundle, tukaitia kwenye flashi, dereva wa lori akaipeleka. Upande wa pili waliisoma kana kwamba wameivuta kutoka kwenye seva.

Udhaifu uliobaki ulikuwa kwenye mashini zenyewe. Zilikuwa za mtumba, zenye diski za kuzunguka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, zikiendeshwa kwa betri na paneli ya jua siku umeme ulipokosekana, nazo hizo hazikuwa siku chache. Ukiandika git status kutaka kujua nini kimebadilika, Git hufanya kazi kubwa mbili. Kwanza huuliza hali ya kila faili ambalo tayari inalifuatilia. Kisha hufungua folda moja baada ya nyingine kutafuta mafaili mapya. Hiyo ya pili ndiyo iliyotumaliza, kwa sababu sisi tulikuwa na folda nyingi kuliko kitu kingine chochote, na kichwa cha diski kililazimika kuruka huku na huku kuzifikia zote. Mwenzangu wa Dilolo, dada mdogo aliyekuwa ameajiriwa karibuni, alinipigia simu, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, mashini inawaza sana leo." Aliandika amri, akaenda kumhudumia dereva dirishani, akarudi, bado.

Kuna wanaodhani kasi ni anasa, kwamba mtu mwenye subira haihitaji. Nilichokiona Dilolo ni tofauti kabisa. Amri ikichelewa, mtu huanza kuikwepa. Hahifadhi kazi kila baada ya mzigo mmoja, anangoja jioni ahifadhi yote kwa pamoja. Jioni betri inakwisha, na karatasi za siku nzima zinabaki bila rekodi. Faida nzima ya kuwa na programu ya kutunza matoleo iliyeyuka kwa sababu ya kungoja. Ndiyo maana siwezi kulitazama suala hili kama jambo la pembeni.

Mpangilio wa 2015 uliandikwa na Nguyễn Thái Ngọc Duy, mmoja wa watu waliochangia Git kwa miaka mingi, na wazo lake ni safi. Mfumo wa mafaili hubadilisha saa ya folda kila faili linapoongezwa au kuondolewa ndani yake. Kwa hiyo Git ikikumbuka saa ya kila folda pamoja na mafaili mapya iliyoyakuta humo mara ya mwisho, haina haja ya kuifungua tena folda ambayo saa yake haijasogea. Inatosha kuiuliza saa tu. Mifumo mingine haibadilishi saa hiyo inavyotakiwa, na kwa sababu hiyo amri ya kuwasha ilianza kwa jaribio: ilitengeneza folda na mafaili ya muda, ikayafuta, ikatazama kama saa inasogea inavyopaswa. Tuliiendesha kwenye kila mashini. Zile za Linux za Dilolo zilifaulu. Mpangilio ukawaka, na dada yule hakuhitaji tena kwenda dirishani akarudi. Jibu lilikuja akiwa bado ameketi.

Furaha ile haikudumu. Baada ya muda simu zikaanza tena, na kila nilipochunguza nilikuta ule mpangilio haupo. Hakuna aliyeuzima. Ilinichukua muda kuelewa, na nilichokielewa ndicho kilichonifanya nianze kuyapenda mambo haya kwa dhati.

Git ina faili liitwalo indeksi, orodha ya yote inayoyafuatilia. Mwishoni mwa faili hilo huongezwa vipande vya ziada, kila kimoja kikitambulishwa kwa herufi nne. Herufi ya kwanza ikiwa kubwa, kipande ni cha hiari: programu isiyokifahamu inaruhusiwa kukipita kama hakipo. Herufi ya kwanza ikiwa ndogo, kipande ni cha lazima, na programu isiyokifahamu hutakiwa kusimama na kukataa kuendelea. Kumbukumbu yetu ya folda ilikaa katika kipande kiitwacho UNTR, kwa herufi kubwa. Sasa, pale Dilolo baadhi ya watu walitumia programu nyingine yenye madirisha na vitufe, iliyosoma hazina ileile ya Git, yaani folda ya kazi pamoja na historia yake, kwa njia yake yenyewe. Programu ile haikukifahamu UNTR. Ilikipita kwa haki kabisa, na ilipoandika indeksi upya, iliiandika bila kipande hicho. Hakuna faili lililopotea, hakuna historia iliyoharibika, hakuna onyo lililotolewa. Kilichopotea ni kasi peke yake.

Wakati ule, katika toleo la 2.5, hakukuwa na mahali pengine palipoandikwa kwamba ofisi hii inataka kumbukumbu hiyo. Kuwepo kwa kipande ndiko kulikokuwa mpangilio. Kikitoweka, nia yetu ilitoweka nacho. Kila kilicho cha lazima hupiga kelele kikikosekana, lakini cha hiari huondoka kimyakimya, na anayeumia hudhani mashini yake ndiyo imezeeka.

Tulijaribu njia ya mkato ya kunakili folda nzima kwenye flashi, pamoja na indeksi yake, tukitumaini kasi ingesafiri nayo. Haikusafiri. Git huandika ndani ya kumbukumbu hiyo mahali hazina ilipo na aina ya mfumo wa kompyuta, na ikikuta mahali pamebadilika haiiamini tena. Nakubaliana nayo. Saa za folda za mashini moja hazisemi lolote kuhusu diski ya mashini nyingine, na jibu la haraka lisilo sahihi lingekuwa balaa kubwa kuliko kungoja.

Machi 2016 likaja toleo la 2.8, na humo Christian Couder alikuwa ameuhamishia mpangilio huo mahali pake panapofaa: katika faili la mipangilio, kwa jina la core.untrackedCache. Sasa ungeweza kuandika true, na Git ingeirudisha kumbukumbu kila inapoikosa. Ungeweza kuandika false, nayo ingeiondoa. Usipoandika kitu, huchukuliwa kwamba umesema keep, yaani kama kumbukumbu ipo iachwe ilivyo, kama haipo isiongezwe. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba hali ya tatu inachanganya bure. Mimi naiona kuwa ya busara kuliko zote. Waliokuwa wamewasha kwa mkono katika toleo la zamani hawakunyang'anywa walichokichagua, na wasiojua lolote hawakulazimishwa. Mtengenezaji anapopita juu ya kazi ya mtu mwingine na kuiacha ilivyo kwa makusudi, hiyo ni heshima, na katika programu nyingi ninazozitumia sijaiona.

Kwetu tuliandika true. Lakini lilibaki tatizo la nakala mpya. Git haibebi faili la mipangilio inapounda nakala ya hazina, na ina sababu nzuri: baadhi ya mipangilio huweza kuendesha amri kwenye mashini yako, na hakuna anayepaswa kupokea amri za mtu mwingine kwa kuvuta tu hazina yake. Kwa hiyo kila mashini mpya, kila diski iliyobadilishwa, kila mtu aliyefuta hazina yake na kuivuta upya, alianza bila chochote. Bundle nazo vilevile. Hubeba historia, hazibebi mipangilio. Mabadiliko ya folda za mizigo yalifika Dilolo kwa lori bila shida, kasi ikabaki Kolwezi.

Tulichofanya ni kuweka mipangilio ya kasi katika faili la kawaida ndani ya hazina yenyewe, linalofuatiliwa kama mafaili mengine, kisha kila mtu akaandika amri moja tu baada ya kuvuta: ile ya include.path, inayoiambia Git isome pia faili lile. Uwezo huo umekuwapo tangu toleo la 1.7.10 la mwaka 2012; sisi tulichelewa tu kuuhitaji. Mwenye mashini anakubali mara moja, kwa mkono wake, na kuanzia hapo kila tunachoongeza kinamfikia. Kando ya kila mstari tuliandika kwa Kiswahili kwa nini upo, mashini gani iliuhitaji, na namna ya kupima kama bado unasaidia. Maelezo hayo nayathamini kuliko mipangilio yenyewe. Mstari usio na sababu hufutwa na mtu wa kwanza anayependa usafi.

Mstari mmoja wa faili lile ulihusu ufungaji. Git hukusanya vitu vyake na kuvifunga pamoja kwa kulinganisha vinavyofanana, na kama hujaiwekea mpaka hutumia nyuzi nyingi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba, kadiri ya uwezo wa kichakataji, na kumbukumbu kadiri inavyohitaji. Kwenye gigabaiti 2, huku picha za mihuri zikiwa nyingi, mashini ilikwama. Tukaweka uzi mmoja, tukaweka kikomo cha kumbukumbu, ikawa inachukua muda mrefu zaidi lakini inamaliza. Mpangilio wa kasi wakati mwingine ni wa kupunguza mwendo.

Mwaka 2017 nilisoma kwamba Microsoft imehamishia Windows kwenye Git: mafaili yapata milioni 3.5, gigabaiti 300. Nikasoma matatizo yao nikayafahamu yote. Status inayochelewa, folda zisizohesabika, watu wanaoanza kuikwepa amri. Wao walikuwa na mashini za kisasa na hazina kubwa mno. Sisi tulikuwa na hazina ya wastani na mashini zilizochoka. Tulikuwa tumefika kwenye ugonjwa uleule kwa njia mbili zinazokinzana. Na dawa walizozitengeneza kwa ajili yao wakazitoa kwa wote. Mwaka 2018 Ben Peart wa kampuni ile alileta njia ya kuiuliza programu inayotazama mafaili nini kimebadilika, badala ya kuyapitia yote. Mwaka huohuo Derrick Stolee alileta faili linalohifadhi ramani ya historia, ili maswali kama "tawi hili liliachana na lile wapi" yajibiwe bila kufungua kila kumbukumbu ya mabadiliko. Ramani ile nayo ilianza kuwa ya hiari; tuliiongeza kwenye faili letu mara moja. Novemba 2019, toleo la 2.24, ikawa ya kawaida kwa wote, na tukaufuta mstari wetu, tukiandika kwenye ujumbe wa mabadiliko ni toleo gani lililoufanya usihitajike. Hivyo ndivyo napenda mpangilio wa hiari ustaafu.

Kazi yenyewe nayo ilikuwa inakua. Machi 2018 treni ya shehena ya madini kutoka Kongo ilifika tena Angola kwa reli ya Benguela, njia iliyokuwa imefungwa tangu vita vya Angola vilivyoanza 1975. Wazee wa Dilolo waliokuwa vijana wakati treni ya mwisho ilipopita walisimama kuitazama. Kwetu ofisini maana yake ilikuwa folda: behewa baada ya behewa, kila moja na karatasi zake. Mwaka 2022 Angola ilipozipa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis mkataba wa kuendesha reli hiyo kwa miaka 30, tulijua folda hazitapungua.

Mwishoni mwa 2020 Git ilipata amri ya matengenezo: ukiiwasha, hupanga yenyewe kazi za nyuma ya pazia, ikafunga vitu, ikajenga ramani ya historia, mtumiaji asijue. Kwa Kolwezi ilikuwa baraka. Lakini niliposoma ratiba yake niliona kwamba kila saa huenda kwenye seva na kuvuta mapema mabadiliko mapya, ili baadaye mtu asingoje. Aliyebuni hivyo alikuwa na intaneti isiyopimwa. Dilolo kila saa ni mega. Na kompyuta iliyounganishwa na simu ya mtu inakula mega za mtu huyo, za kumpigia mama yake. Tukaizima kazi hiyo moja kwa ofisi ya Dilolo na kuziacha nyingine zote, na kuanzia hapo faili letu likawa mawili, moja la Kolwezi na moja la Dilolo, lenye sehemu ya pamoja inayosomwa na yote mawili. Mwenzetu mmoja alitaka turudi kwenye faili moja ili kurahisisha. Nilikataa, na ningekataa tena. Ofisi hizo mbili hazina umeme mmoja, hazina mtandao mmoja, hazina diski za aina moja. Kuzipa mpangilio mmoja ni kuamua kimyakimya kwamba moja kati yake ndiyo ya kawaida, na sote tunajua ni ipi ambayo ingechaguliwa.

Toleo la 2.37, Juni 2022, lilileta mtazamaji wa mafaili aliye ndani ya Git yenyewe. Kwenye mashini za Windows za Kolwezi tulimwasha siku ileile. Toleo lile halikuwa naye kwa Linux, na Dilolo tuko kwenye Linux, kwa hiyo kule mstari wa 2016 uliendelea kufanya kazi yake.

Siku hizi Dilolo kuna mashini zenye diski zisizozunguka. Dada aliyenipigia simu miaka ile ndiye mkuu wa ofisi sasa, na yeye ndiye anayelisimamia faili la Dilolo. Hivi karibuni kijana mpya alipima status akiwa na ule mpangilio na bila huo, kwenye mashini mpya, akaona tofauti ni ndogo mno, akapendekeza mstari ufutwe. Alifanya vizuri kupima; wengi hufuta bila kupima. Dada akamwambia akapime tena kwenye mashini ya zamu ya usiku, ile iliyo karibu na reli, ambayo bado ina diski ya zamani na ndiyo inayofunguliwa treni inapochelewa kuingia. Akapima. Mstari umebaki, na chini ya maelezo yangu ya 2016 kijana ameongeza yake: jina la mashini, aina ya diski, tarehe, na sharti kwamba diski hiyo ikibadilishwa, mstari upimwe tena.